Karani Aliyebaki Mezani: Stesheni Masta na Lugha ya Simu katika Reli ya Uganda

Katika kitabu chake kuhusu simba wa Tsavo, kilichotoka mwaka 1907, J. H. Patterson anasimulia kisa kifupi cha stesheni ndogo ya Kima, katika nchi ya Wakamba, kwenye reli iliyotoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Simba mla watu alikuwa ameifanya stesheni hiyo kuwa mahali pake pa kuwindia. Usiku mmoja alipanda juu ya paa akaanza kuyararua mabati. Chini ya paa hilo alikuwamo karani wa Kihindi aliyekuwa na zamu kwenye mtambo wa simu. Karani aligonga ujumbe kwa meneja wa usafiri, akamwarifu kwamba simba alikuwa akipigana na stesheni, na akaomba apelekewe msaada upesi. Simba hakufaulu kuingia usiku huo. Alijikata miguu kwa mabati, akaacha damu paani. Usiku mwingine alimchukua mwendeshaji wa mtambo wa kuvuta maji, na baada yake watu wengine kadhaa.

Kisa hiki kimerudiwa mara nyingi na waandishi wa historia ya Kenya ya kikoloni, na karibu kila mara hurudiwa ili kuchekesha. Kinachochekwa ni Kiingereza cha karani. Makala haya yanakiangalia kisa hicho kwa jicho jingine. Yanakusudia kueleza kazi ya stesheni masta na karani wa simu ilikuwa nini hasa, na kuonyesha kwamba ujumbe uliochekwa ulikuwa umetimiza masharti yote ya kazi hiyo.

Ikumbukwe kwanza reli yenyewe ilivyokuwa. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na kufika Kisumu, iliyoitwa Port Florence, mnamo Desemba 1901. Njia yote ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 930. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na takribani 2,500 miongoni mwao walikufa. Reli haikuwaleta watu tu. Upana wa njia, ambao ni mita moja, ulitoka India, na vivyo hivyo taratibu nyingi za uendeshaji. Waliozijua taratibu hizo walikuwa makarani wa Kihindi, na ndio waliokabidhiwa stesheni. Waafrika walipewa kazi za kugeuza njia za reli, kuwasha taa za ishara, kupakia kuni na maji, na kuitengeneza njia.

Waingereza walimwita karani huyo "babu", neno la Kihindi ambalo asili yake ni la heshima, lakini ambalo vinywani mwa wakoloni lilikuwa limegeuka kuwa la dharau, hasa kwa msomi wa Kihindi aliyekuwa na Kiingereza cha vitabuni. Kwa sikio la Mswahili neno hilo halikuwa na dharau yoyote. Haikosi kwamba mtu aliyemsikia Mzungu akimwita kijana wa stesheni "babu" alistaajabu kidogo.

Stesheni ndogo ya nyikani ilikuwa na watu wachache mno. Stesheni masta ndiye aliyekata tikiti, kupima mizigo, kuandika hesabu, kupokea na kutoa barua, kuhakikisha kwamba injini inapata maji, na kujibu maswali ya abiria waliotaka kujua kwa nini treni imechelewa. Mara nyingi ndiye aliyekuwa karani wa simu pia. Hata hivyo, kazi hizo zote zingeweza kufanywa vibaya bila ya mtu kupoteza uhai. Kulikuwa na moja isiyoruhusu kosa, nayo ni kazi ya kutoa njia.

Reli hii ilikuwa ya njia moja. Treni ya kupanda bara na treni ya kushuka pwani zilitumia vyuma vilevile, na hazikuweza kupishana ila kwenye stesheni zenye njia ya kando. Baina ya stesheni mbili kulikuwa na mwendo mrefu wa mapori, makorongo na mapindo, ambamo dereva hakuweza kuona mbele vya kutosha kusimamisha treni nzito kwa wakati. Kwa hiyo kanuni ilikuwa moja: baina ya stesheni mbili isiwepo zaidi ya treni moja. Wa kuilinda kanuni hiyo walikuwa watu wawili wasioonana, kila mmoja akiwa kwenye stesheni yake, na kati yao waya.

Utaratibu wenyewe, kama ulivyofuatwa katika reli za aina hii, ulikwenda hivi. Stesheni masta wa kwanza alimwuliza mwenzake kwa simu kama njia iko wazi kwa treni fulani, iliyotajwa kwa namba yake. Wa pili hakujibu kwa kukisia. Alitazama rejista kuona kwamba treni iliyotangulia imekwisha kufika, na kwamba imefika nzima. Neno "nzima" lina uzito hapa, kwa maana behewa la nyuma likikatika njiani na kubaki relini, treni itakayofuata italigonga. Ndiyo sababu treni ilifungwa taa ya mkiani, na stesheni masta alitoka nje usiku, mvua au jua, kuiona taa hiyo kwa macho yake. Akisha kuiona, alijibu kwamba njia iko wazi. Swali, jibu na saa viliandikwa katika rejista za stesheni zote mbili. Dereva hakuondoka mpaka awe na idhini mkononi, ama karatasi iliyotiwa sahihi au kibao cha chuma kilichotolewa na mtambo. Treni ilipoondoka, saa ya kuondoka ilipelekwa kwa simu. Ilipofika, saa ya kufika ilirudishwa.

Anayejifunza isimu atauona hapa mfano ulio bayana wa tamko ambalo lenyewe ni tendo. Stesheni masta aliposema njia iko wazi hakuwa akitoa habari tu. Alikuwa akiifunga njia hiyo kwa treni nyingine zote na kuifungua kwa moja, na tangu dakika hiyo alikuwa ameweka dhamana ya roho za watu kwa neno lake. Mzaha haukuwa na nafasi. Hata kisawe kilikuwa hatari, kwa kuwa mtu akizoea kulisema jambo moja kwa njia mbili, siku moja mwenzake ataelewa mambo mawili.

Saa nazo zilihitaji lugha moja. Mswahili huihesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa. Mzungu huihesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Saa kumi ya jioni kwa mmoja ni saa nne ya alasiri kwa mwingine, na mfanyakazi wa kugeuza njia aliyelelewa katika hesabu ya kwanza alifanya kazi chini ya karani aliyefuata ya pili. Baadhi ya simu za mwanzoni mwa karne ya 20 zilizohifadhiwa zinaitaja saa hiyo kuwa ya 16, yaani kwa hesabu ya saa 24, ambayo haiwezi kuchanganywa na yoyote kati ya hizo mbili.

Simu iliyotumika miaka hiyo haikuwa ya sauti ya mtu. Ilikuwa ya mfumo wa Morse, ambamo kila herufi huwa nukta na vistari vinavyogongwa kwa kibonyezo na kusikika upande wa pili kama mlio mfupi na mlio mrefu. Karani stadi hakuhitaji kuandika alama hizo kwanza ndipo azifasiri. Alisikiliza, na mkono wake ukaandika maneno. Yaani alisoma kwa sikio. Tena wenye kazi hii, duniani kote, walijuana kwa namna ya kugonga. Kila karani alikuwa na mwendo wake, pupa yake na kusita kwake, hata mwenzake aliye umbali wa kilomita 50 akajua ni nani aliye mezani leo, na pengine kama amechoka. Wanafunzi wa fasihi simulizi, waliozoea kumtambua fanani kwa utendaji wake, hawatashangazwa na jambo hili.

Mfumo huo haukutungwa kwa ajili ya lugha zetu. Ulipangwa kwa kufuata Kiingereza, ambamo herufi E hutumika kuliko zote. Kwa hiyo E ilipewa alama fupi kabisa, nukta moja. Katika Kiswahili herufi inayotawala ni A, na alama yake ni nukta na kistari. Neno kama "baraka" humlazimisha karani kuirudia alama hiyo mara tatu. Kwa upande mwingine, ambako simu ya umma ililipiwa kwa idadi ya maneno, Kiswahili kilikuwa na faida isiyo ndogo. "Nitakupokea" ni neno moja. Mwingereza atahitaji manne kusema hivyo. Waliosoma katika shule za upili za Kenya zama ambazo simu ya maandishi ilifunzwa miongoni mwa tungo za kiuamilifu watakumbuka jinsi walivyoambiwa wakate maneno. Huenda hawakuambiwa kwamba viambishi vya lugha yao vilikuwa vimekwisha kuwakatia.

Neno "simu" lenyewe lina umri mkubwa kuliko reli. Waya wa chini ya bahari uliiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879, miaka 17 kabla ya reli kuanza kujengwa. Asili ya neno ni Kiajemi, ambamo *sim* ni fedha na pia ni waya. Limeupita mtambo wa Morse, likaipokea simu ya sauti, na sasa limeingia mfukoni pamoja na simu ya mkononi isiyo na waya hata mmoja. Kitenzi kinachoandamana nalo hakijabadilika: tunapiga simu, ingawa tangu makarani wa Morse waondoke hakuna tena anayepiga kitu.

Turudi kwenye simba. Mbali na ujumbe wa Kima, zimehifadhiwa simu nyingine kutoka stesheni iliyoitwa, kwa haki kabisa, Simba. Moja inaarifu kwamba mfanyakazi wa kugeuza njia, alipokuwa akirudi kutoka kwenye ishara ya mbali, alizungukwa na simba wawili, na kwa hiyo amepanda mlingoti wa simu karibu na matangi ya maji. Treni isimame hapo, imchukue, kisha iendelee. Nyingine inaarifu kwamba simba yuko jukwaani. Dereva na gadi waelekezwe kuingia kwa uangalifu bila ya ishara, na gadi awaonye abiria wasishuke, naye mwenyewe ajihadhari anapokuja ofisini.

Simu hizi nazo zimechapishwa tena na tena kama vichekesho. Lakini hebu msomaji azipime kama maandishi ya kazi. Ya kwanza inasema nani yuko hatarini, hatari ni ipi, mtu huyo yuko wapi kwa kutaja alama ambayo dereva anaijua, na treni ifanye nini. Hakuna neno la ziada wala lililosahauliwa. Ya pili imefikiria mbali zaidi. Simba akiwa jukwaani hakuna awezaye kutoka nje kuishusha ishara, na dereva akiiona ishara imekataa atasimama porini akingoja. Kwa hiyo karani anaomba sharti la ishara liondolewe kwa treni hiyo moja, tena anaomba kwa mwenye mamlaka ya kuliondoa. Kisha anawakumbuka abiria. Mwisho anamkumbuka gadi, ambaye kazi yake itamlazimu kutembea kutoka behewani mpaka mlangoni mwa ofisi. Mtu aliyeandika hayo huku simba yuko upande wa pili wa mlango hakuwa amepagawa.

Kwa nini basi acheke mtu? Sababu mojawapo ni kwamba sajili ya simu huondoa hisia zote, na hisia zikiondolewa katika jambo la kutisha hubaki kitu kinachofanana na mzaha. Sababu nyingine haina uhusiano na sajili. Msomaji wa Ulaya alikwisha kufundishwa kucheka kabla hajaifungua simu yenyewe, kwa kuwa mwandishi wake alikuwa "babu".

Ni vyema kulinganisha na kisa cha mtu mwingine wa kazi hiihii, mbali na hapa. Tarehe 6 Desemba 1917, katika bandari ya Halifax nchini Kanada, meli ya Mont-Blanc iliyojaa baruti iligongana na nyingine ikashika moto. Vincent Coleman, mwelekezi wa treni katika stesheni ya karibu, aliambiwa akimbie. Akakumbuka kwamba kulikuwa na treni ya abiria njiani ikielekea bandarini, akarudi kwenye kibonyezo chake. Aligonga ujumbe wa kuzizuia treni, akaeleza kwamba meli ya baruti inawaka na italipuka, akawaaga wenzake. Mlipuko uliua zaidi ya watu 1,700, naye akiwa mmoja wao. Ujumbe wake ni mfupi, mkavu, na hauna madoido. Hakuna aliyeucheka. Mwaka 2018 feri moja ya mji huo ilianza kazi ikiwa na jina lake, na kibonyezo chake kimehifadhiwa katika makumbusho ya Halifax. Karani wa Kima hana hata jina, kwa sababu Patterson hakulitaja.

Haifai, hata hivyo, kumfanya stesheni masta wa Kihindi kuwa malaika. Dirisha lake la tikiti lilikuwa mojawapo ya mahali ambapo Mwafrika wa kawaida alikutana na dola ya kikoloni ana kwa ana, na hakukutana nayo kwa upole sikuzote. Hadi katikati ya miaka ya 1950 mishahara ya watumishi wa umma ilipangwa waziwazi kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Aliye katikati hubanwa na pande mbili, naye hubana upande ule anaouweza. Tena waya aliokuwa akiutunza ulikuwa, kwa wengine, mshipa wa adui. Wanandi waliukata mara nyingi, wakafanya mapambo kwa chuma chake na wakati huohuo wakaiziba masikio serikali. Hilo lilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Waingereza kabla ya kampeni ya 1905, ambamo Koitalel arap Samoei aliuawa. Twiga nao waliukata kwa shingo zao, bila ya siasa. Sababu yoyote iwayo, waya ukikatika stesheni ilikuwa kiziwi, na treni zikasimama au zikaenda kwa kupapasa.

Waafrika walipoanza kujifunza kazi za simu, kazi hizo ziligeuka kuwa kitu kingine. Harry Thuku alikuwa opereta wa simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi. Mnamo Julai 1921 alipeleka London, moja kwa moja, simu yenye maazimio ya mkutano wa Waafrika, bila ya kuipitisha kwa gavana wala kwa machifu. Machifu walikasirika, na Machi 1922 Thuku alikamatwa. Hakuwa mtu wa reli, lakini alikuwa ameelewa jambo ambalo kila karani wa stesheni alilijua: aliye na waya hahitaji kupiga hodi kwa wakubwa walio njiani.

Katika reli yenyewe mabadiliko yalikuja polepole. Chuo cha mafunzo ya reli kilifunguliwa Nairobi mwaka 1956, na baada ya uhuru wa 1963 stesheni zikapita mikononi mwa Waafrika. Morse iliondoka, ikaja simu ya sauti, na pamoja na sauti Kiswahili kikaingia mahali ambapo hapo awali palikuwa na nukta na vistari vya Kiingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata Kenya ikawa na shirika lake la reli. Mei 2017 reli mpya ya kisasa ilizinduliwa baina ya Mombasa na Nairobi, na stesheni nyingi ndogo za njia ya zamani zikabaki bila abiria wa kungoja.

Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, lipo behewa ambalo ndani yake mkuu wa polisi Charles Ryall aliuawa mwezi Juni 1900. Alikuwa amekwenda Kima na wenzake wawili kumvizia simba yuleyule. Inasimuliwa kwamba zamu ya kukesha ilikuwa yake, na usingizi ukamchukua. Wageni huonyeshwa behewa hilo na kutajiwa jina lake.

Fasihi ya Kiingereza imekwisha kuiandikia reli hii riwaya, kama vile *The In-Between World of Vikram Lall* ya M. G. Vassanji ya 2003 na *Dance of the Jakaranda* ya Peter Kimani ya 2017. Kwa upande wa Kiswahili bado lipo pengo, na malighafi yake inapungua kila mwaka. Waliokuwa stesheni masta Voi, Makindu na Mtito Andei katika miaka ya 1960 na 1970 sasa ni wazee waliopita miaka 70. Wao ndio wanaojua idhini ya njia iliombwaje kwa Kiswahili, mtambo na kibao chake viliitwaje na wafanyakazi wenyewe, na stesheni mbili zilipoitaka njia moja kwa wakati mmoja, waligombana kwa lugha gani.